Daftari la Wiki: Gari la Kale na Miezi ya Theluji

Katika jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, msimu wa magari ya kale hufungwa na lori la chumvi. Siku barabara inapomwagiwa chumvi kwa mara ya kwanza, mara nyingi Novemba, magari yaliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili huingizwa ndani, wala hayatoki mpaka mvua za Aprili zimekwisha kuiosha lami. Miezi iliyobaki katikati ndiyo ya ufundi. Kiangazi ni cha kuendesha na kutamba mbele ya majirani. Gari lenyewe hufufuliwa wakati wa baridi, usiku, baada ya kazi ya mshahara, katika gereji iliyoshikana na nyumba.

Gari linalochukuliwa hapa kuwa mfano ni Ford Model A. Lilizinduliwa Desemba 2, 1927, likaendelea kutengenezwa hadi mapema 1932, na idadi yake ilipita milioni 4. Bodi yake karibu yote ni bati la chuma, wakati Chevrolet za miaka hiyo zilipigiliwa juu ya fremu ya mbao, na mbao huoza. Vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa mpaka leo, na mtu mwenye boksi la spana na subira anaweza kulishusha lote hadi chesi bila kugusa kompyuta. Yapo magari mazuri kuliko hilo, lakini ni machache yanayomfaa fundi wa nyumbani kuliko hilo.

Chumvi

Chini ya jiji la Detroit, zaidi ya mita 300 kwenda chini, upo mgodi wa chumvi ulioanza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, na chumvi yake nyingi huishia barabarani. Mji uliojijengea jina kwa kuunda magari umekalia kitu kinachoyala magari.

Chumvi huyeyusha barafu kwa kushusha kiwango cha kuganda cha maji. Hufanya kazi vizuri hadi kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, wahudumu wa barabara huongeza kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, ambazo huvuta unyevu hewani na kwa hiyo hubaki mbichi juu ya chuma hata siku kavu. Maji hayo ya chumvi huingia kwenye maungio ya bati, ndani ya milango na juu ya chesi, mahali ambapo bomba la kuoshea halifiki. Mkazi wa Lamu au Bagamoyo anaijua kazi hii: nondo za dirisha linaloelekea bahari huisha kabla ya zile za uani. Ila pwani chumvi huja kidogo kidogo na upepo, na Michigan humwagwa kwa tani. Ndiyo sababu jua la Januari, hata liwake namna gani, halimtoi mzoefu wa fani hii gerejini.

Kulilaza gari

Gari linaloendeshwa kiangazi likihifadhiwa vibaya huamka na maradhi mapya. Tangi hujazwa pomoni ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, maana petroli ya kawaida ya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunyonya maji. Dawa ya kuhifadhi petroli huchanganywa humo, kisha injini huachwa iungurume kidogo ili mafuta yenye dawa yafike kwenye kabureta. Tangi la Model A liko mbele ya dereva, kati ya dashibodi na injini, na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe, bila pampu. Kwa hiyo koki iliyo chini ya tangi lazima ifungwe. Ikisahaulika, na sindano ya kabureta ikiwa imelika, petroli itadondoka sakafuni tone kwa tone mchana na usiku.

Oili hubadilishwa kabla ya kulaza gari, maana ile iliyotumika ina maji na asidi. Kwenye rejeta hutiwa mchanganyiko wa maji na glikoli ya ethilini, nusu kwa nusu, ambao hauanzi kuganda mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Maji matupu yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bloku la chuma cha kusubu halijui kutanuka, hupasuka. Kulichomelea ni kazi ya wachache na bei yake huumiza. Glikoli hiyo nayo ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo tone lililomwagika hufutwa papo hapo kabla mbwa au paka wa nyumbani hajaliramba.

Betri ni habari nyingine. Ya Model A ni ya volti 6, na nguzo yake ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chesi, kinyume cha magari ya leo. Mtu aliyezoea gari la kisasa huunganisha chaja kwa mazoea, na hapo moshi hutoka. Betri iliyojaa chaji hustahimili baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri bila kuganda, lakini iliyokufa huweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri, ikapasuka. Basi hutolewa, hupelekwa ndani, huwekwa kwenye chaja ndogo.

Iko desturi ya kuliwasha gari kila Jumapili kwa dakika tano "lisisahau kazi". Ni desturi ya kuachwa. Dakika tano hazitoshi kuipasha injini joto. Zinatosha tu kujaza mvuke wa maji kwenye bomba la moshi na kwenye oili iliyotoka kubadilishwa.

Joto la gereji

Chini ya nyuzi 5 hivi vidole hukataa kushika nati ndogo, grisi hugeuka nta, na spana huuma kiganja. Joto ni lazima, na kila namna ya kulipata ina kasoro yake. Hita ya mafuta ya taa, au ya gesi isiyo na bomba la moshi, ni ya bei nafuu, lakini moto wake hutoa kaboni monoksidi pamoja na mvuke wa maji. Ya kwanza huua mtu na ya pili huua kazi. Mvuke hutua juu ya chuma baridi, na silinda iliyotoka kuchongwa Ijumaa hukutwa Jumamosi imevaa kutu nyembamba ya rangi ya chungwa. Wazoefu hupaka oili kila uso wa chuma ulio wazi kabla ya kuzima taa, hata kama watarudi alfajiri.

Hita ya umeme haina moshi, ila mita ya umeme hukimbia. Iliyo bora ni ya gesi yenye moto uliofungiwa na bomba la kutoa moshi nje, iliyoning'inizwa karibu na dari. Haikuwekwa juu kwa urembo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kutafuta moto. Kanuni za ujenzi nchini Marekani hutaka hata hita ya maji iliyo gerejini iinuliwe ili kiwashio chake kiwe angalau inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, kutoka sakafuni. Kuosha vipuri kwa petroli, jambo la kila siku kwenye gereji za mitaani Dar es Salaam na Nairobi zilizo wazi pande zote, ni hatari kubwa ndani ya chumba kilichofungwa chenye moto. Michigan hutumika sabuni kali za maji za kuondoa grisi, na mikono hulipia.

Meza ya jikoni

Kazi ya majira haya hupangwa kwa ukubwa wa kitu. Kikubwa hubaki gerejini. Kidogo huhamia ndani ya nyumba, na hapo ndipo ndoa hupimwa. Kabureta ya Zenith ya Model A ni kama iliumbwa kwa ajili ya meza ya jikoni: nusu mbili za chuma cha kusubu zinashikwa na boliti moja tu. Boliti ikitoka, vyote viko wazi: boya, sindano yake na jeti zenye matundu madogo. Jeti haizibuliwi kwa waya wa chuma, maana tundu likitanuka hata kwa unene wa unywele, injini itakunywa mafuta ovyo. Hulowekwa kwenye dawa na kupulizwa kwa hewa, na mwenye bidii huipima kwa kuangalia ni maji kiasi gani yanayopita ndani yake kwa dakika moja.

Distribyuta na dinamo hufuata njia hiyo hiyo, pamoja na nyaya za umeme zilizovishwa kitambaa kama za wakati huo. Magazeti hutandikwa mezani, harufu hubaki kwenye pazia.

Pamoja na hayo yote kuna kazi isiyo na sifa, nayo ni kuandika. Kila nati huingia mfukoni, mfuko hupewa karatasi ya kueleza ilitoka wapi, na picha hupigwa kabla ya kufungua chochote. Gari hushushwa kwa majuma machache na huweza kurudishwa baada ya miaka miwili. Miradi mingi inayouzwa ikiwa vipande ndani ya maboksi ni ya watu walioamini kwamba watakumbuka.

Tumbo la injini

Injini ya Model A ina silinda 4, ujazo wa lita 3.3 na nguvu za farasi 40. Iliyokaa ghalani miaka mingi huwa imeshika, yaani pistoni zimeng'ang'ania ukuta wa silinda. Dawa yake ni wakati. Mchanganyiko wa oili ya gia otomatiki na asetoni humiminwa kupitia matundu ya plagi, huachwa siku kadhaa, huongezwa, huachwa tena. Baadaye ndipo pistoni hugongwa taratibu kupitia kipande cha mbao ngumu. Anayekimbilia nyundo Desemba hununua pistoni Januari.

Ikishafunguka, vipimo huanza, na hapa baridi hudanganya. Kipenyo cha silinda ni inchi 3.875, karibu milimita 98.4. Tofauti ya joto ya nyuzi 20 hukibadilisha kipenyo hicho kwa takriban sehemu mbili za mia za milimita, na katika ulimwengu wa pistoni hicho si kiasi cha kudharau. Mikromita iliyotoka kwenye droo ya sebuleni ikitumika kupima bloku lililolala kwenye baridi, jibu linakuwa la uongo. Vyote viwili hulazwa chumba kimoja usiku kucha, kisha ndipo kipimo huchukuliwa.

Bering za krankishafti si za kununua zikiwa tayari kama za leo. Ni babiti, mchanganyiko laini wa bati, antimoni na shaba uliobuniwa na Isaac Babbitt wa Massachusetts mwaka 1839, ambao huyeyushwa na kumiminwa moja kwa moja ndani ya bloku na kwenye mikono ya pistoni, kisha hutobolewa kwa kipimo. Karakana zinazofanya kazi hiyo zimebaki chache, na foleni yake ni ndefu. Fundi wa nyumbani mwenye akili hupeleka bloku lake vuli ili lirudi kabla ya majira ya kuchipua. Babiti ikiwa bado nzima, kulika kidogo hurekebishwa nyumbani: kati ya kofia ya bering na bloku kuna vibati vyembamba, na kuondoa kimoja hukaza nafasi. Nafasi hupimwa kwa uzi wa plastiki unaowekwa juu ya krankishafti, kofia ikakazwa na kufunguliwa, na upana wa uzi uliopondwa ukalinganishwa na mistari iliyochapwa kwenye karatasi yake. Nafasi inayotakiwa ni kama sehemu moja ya elfu ya inchi.

Valvu ndizo kazi tamu ya Januari. Ziko 8, zimesimama kando ya silinda badala ya kuwa juu yake. Kila moja hupakwa dawa ya kusaga kwenye ukingo, hushikwa kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, na kijiti husokotwa kati ya viganja, huku na huko, kisha valvu huinuliwa, huzungushwa kidogo, hurudishwa. Sauti hueleza maendeleo: mwanzo hukwaruza, baadaye hulainika. Ukingo ukifutwa lazima uonekane mviringo wa kijivu usiong'aa, wenye upana sawa pande zote na usiokatika popote. Ukikatika, gesi itapita hapo na kuuchoma ukingo. Valvu moja huweza kula saa nzima.

Kuna adha moja iliyoachwa na kiwanda. Tapeti za asili hazina skrubu ya kurekebisha nafasi, kwa hiyo nafasi ikipungua ncha ya mguu wa valvu hukatwa kwa jiwe la kusagia, kidogo kidogo, na ikizidi kukatwa hairudi. Tapeti za kisasa zenye skrubu zinauzwa, na wengi hununua. Wanaotaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani hulalamika, lakini zimefichwa ndani ya injini, haziharibu sura, na huokoa majuma. Katika ugomvi huu wenye skrubu wana haki.

Kutu ndani ya beseni

Vipande vidogo vyenye kutu, kama bawaba na mabano, husafishwa kwa umeme. Beseni la plastiki hutiwa maji na kabonati ya sodiamu, magadi ya kufulia, kama kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Kipande chenye kutu hufungwa kwenye upande hasi wa chaja ya betri, na chuma chakavu kwenye upande chanya. Vipovu huanza kupanda, na baada ya saa kadhaa kutu nyekundu hugeuka matope meusi yanayotoka kwa brashi. Vipovu hivyo ni haidrojeni na oksijeni, kwa hiyo dirisha hufunguliwa, baridi iingie isiingie. Chuma cha pua hakitumiki kama chakavu, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu majini.

Rangi ingoje

Puti haikauki vizuri kwenye baridi, praima haishiki kwenye bati lenye unyevu, na rangi za kisasa za kuchanganya na dawa ya kukazia zina isosianati, ambayo huharibu mapafu na hudai barakoa ya kuletewa hewa safi. Katika gereji ya nyumbani yenye hita, kupuliza rangi Februari ni kukaribisha moto na makunyanzi kwa pamoja. Kunyoosha bati na kupiga msasa kunawezekana, na kwenye bati la miaka 90 msasa haumaliziki upesi.

Rangi yenyewe hata hivyo hujadiliwa majira yote ya baridi. Ford Model T iliuzwa kwa rangi nyeusi tu kuanzia 1914 hadi 1925, na Model A ilipokuja na rangi ilikuwa habari kubwa. Miongoni mwa za mwanzo ilikuwepo kahawia-njano iliyoitwa Arabian Sand, mchanga wa Uarabuni, pamoja na buluu ya Niagara. Vikombe vingi vya kahawa huishia kwenye swali la chesi ing'ae kiasi gani.

Vipuri

Soko kubwa la vipuri vya kale hukaa Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba, likiandaliwa na tawi la AACA, chama cha wapenzi wa magari ya kale kilichoanzishwa 1935. Mkutano wenyewe ulianza 1955. Oktoba ni mwezi wa kufaa: mnunuzi hurudi na buti lililojaa chuma chenye kutu wiki chache kabla ya lori la chumvi kuanza kazi. Vinavyokosekana huagizwa kwa posta. Kipuri kipya hakikosi kung'aa, lakini mara nyingi tundu lake liko milimita mbili pembeni, na kipande cha zamani chenye makovu hutoshea mara moja. Kanuni inayofaa ni kutotupa cha kale mpaka kipya kimefungwa na kimefanya kazi.

Wenyewe walivyofanya

Wamiliki wa kwanza wa magari haya hawakuwa na gereji zenye hita. Wengi wa kaskazini waliyapandisha magari juu ya magogo mpaka theluji iishe. Waliolazimika kuendesha walitia pombe kwenye rejeta, ambayo ilichemka na kupotea siku ya jua. Glikoli ya Prestone iliingia sokoni 1927, ikiwa ghali. Wenye Model T walikuwa na shida yao: oili iliyoganda iliunganisha klachi, na gari likipigwa hendeli lilianza kumsogelea mwenyewe. Wajuzi walipiga jeki gurudumu moja la nyuma likazunguka hewani. Joto la ndani ya Model A liliuzwa kama nyongeza, kasha lililovuta hewa kutoka pembeni mwa manifoldi ya moshi, na manifoldi ikivuja moshi uliingia kwa abiria. Anayefungia kifaa hicho gari lake leo aikague gasketi kwanza.

Panya

Panya huingia vuli na huona kiti cha sufi kuwa nyumba kamili. Matundu huzibwa kwa sufi ya chuma, mitego hutegwa, bomba la moshi huzibwa na kufungiwa kitambaa chekundu ili lisisahaulike. Kinyesi chao hakifagiliwi kikiwa kikavu, kwa kuwa panya pori wa Amerika Kaskazini huweza kubeba virusi vya hanta. Huloweshwa kwa dawa, kisha hufutwa.

Aprili

Theluji ikiisha, gari halitoki siku hiyo. Husubiriwa mvua mbili tatu za nguvu. Betri hurudishwa, chanya kwenye chesi. Koki hufunguliwa na kabureta huangaliwa kama inavuja. Tairi hujazwa upepo. Injini huzungushwa kwa hendeli, swichi ikiwa imezimwa, ili oili ipande kabla ya cheche. Cha mwisho ni breki. Za Model A ziko magurudumu yote manne, lakini hazina mafuta wala msaada wowote. Ni fito za chuma kutoka kwenye pedeli mpaka kwenye ngoma, na fito moja ikilegea gari huvuta upande. Gari hilo huweza kufika maili 65 kwa saa. Mwendo wake wa raha ni 45, yaani kilomita 72 hivi, na anayetaka zaidi ya hapo kwa breki za fito atafute gari jingine.